Ngome ya Mombasa Ilivyotengenezwa, na Funzo Lake kwa Watu wa Kwale



Mtu wa Msambweni, wa Gazi au wa Diani anapovuka Likoni kwenda Mombasa huwa na haraka. Ana nazi zake za kuuza, au ana karatasi za kupeleka ofisini, au ana mgonjwa wa kumtazama hospitali. Ile ngome kuu iliyo mwisho wa Mji wa Kale, ikielekea bahari, huiona, akaipita. Wengi wetu tumeipita hivyo mara nyingi sana, na tukiulizwa habari zake twajibu kwa neno moja tu: "Ni ya Wareno."

Jibu hilo si uongo, lakini ni pungufu, na upungufu wake watudhuru sisi watu wa kusini kuliko tudhanivyo. Maana habari za ngome hiyo zimefika hata milangoni petu, na njia iliyotumika kuiokoa ndiyo njia itupasayo kuijua ikiwa twataka majengo yetu ya kale yasianguke mbele ya macho yetu. Basi juma hili nataka kueleza mambo mawili: ngome ilivyodumu, na yale tuwezayo kuyafanya kwetu bila ya kungoja mgeni.

ILIVYOJENGWA

Ngome hiyo, ambayo Wareno waliipa jina la Yesu, ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania, ambaye wakati huo alikuwa akitawala Ureno pia. Aliyeichora ni fundi wa Kitaliani, Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano, aliyekuwa mkuu wa ujenzi wa ngome za Wareno katika nchi za Mashariki. Waashi waliletwa kutoka Bara Hindi, na vibarua wakatoka Malindi. Kazi kubwa ilimalizika mwaka 1596.

Mtu aitazamapo kutoka juu huona umbo kama la mtu aliyelala chali, kichwa chake kikielekea baharini. Msingi wake ni mwamba wa matumbawe wenyewe, nao mwamba huo ulichongwa ukawa sehemu ya ukuta. Juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe na kushikamanishwa kwa chokaa. Mawe, chokaa na mikono iliyojenga haikutoka Ureno. Hili tulikumbuke, kwa maana tutalirudia mbele.

Tangu hapo ngome haikupata raha. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimchukua mtoto wakamlea Goa na kumbatiza kwa jina la Jeronimo, aliwageukia, akamwua kapiteni wao na kuitwaa ngome. Mwaka uliofuata akaondoka, na Wareno wakarudi. Ndipo kapiteni wao mmoja, Cabreira, alipoweka jiwe lenye maandishi juu ya lango mwaka 1635, kujisifu kwa matendo yake. Katika majivuno hayo asema aliwaadhibu hata Wamusungulo, na wenye elimu ya historia huwahesabu watu hao kuwa wazee wa Wamijikenda. Kwa hiyo jina la watu wa nyuma ya Mombasa limo katika jiwe la lango tangu zamani hizo, ingawa liliandikwa na adui yao.

Mwezi wa Machi 1696 Waomani waliizunguka ngome, nao hawakuipata mpaka Desemba 1698. Ilikuwa miezi thelathini na mitatu ya njaa na maradhi. Mwaka 1697 Wareno waliokuwamo walikwisha kufa kwa ugonjwa, na walioshika kuta wakati huo ni Bwana Daud wa Faza pamoja na jamaa zake, na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Walishika zamu juu ya kuta mpaka msaada ukaingia. Mtu asemaye kwamba ngome ni habari ya Wareno tu, na akumbuke wanawake hao.

KUTOKA NGOMENI MPAKA GAZI

Sasa tufike kwetu. Katika karne ya 18 Imamu wa Omani aliweka maliwali wa kabila la Mazrui kuitawala Mombasa. Baadaye Mazrui walijitawala wenyewe, makao yao yakiwa ndani ya ngome, hata mwaka 1837 Seyyid Said wa Unguja alipowashinda. Wakuu wao wengi walikamatwa wakapelekwa mbali, wasirudi. Waliobaki waligawanyika mafungu mawili. Fungu moja lilikwenda kaskazini likakaa Takaungu, na la pili likaja kusini likakaa Gazi.

Huko Gazi ndiko alikotawala Sheikh Mbaruk bin Rashid, ambaye kwa miaka mingi hakukubali kuwa chini ya Unguja. Vita vyake vya mwisho vilikuwa na Waingereza, mwaka 1895 na 1896. Mwezi wa Agosti 1895 boma lake la Mwele, katika milima ya Shimba, lilishambuliwa na kutwaliwa. Aprili 1896 alivuka mpaka akajitia mikononi mwa Wadachi, akakaa Dar es Salaam mpaka alipokufa mwaka 1910. Nyumba yake ya mawe ilibaki Gazi, nayo imepata kutumika kuwa shule ya watoto.

Basi nyumba ya Gazi na ngome ya Mombasa ni za ukoo mmoja. Waliofukuzwa katika ile ndio waliojenga hii. Na mtoto wa Gazi akienda Mombasa kuitazama ngome, haendi kutazama mambo ya wageni, bali aenda kusoma ukurasa wa kwanza wa kitabu ambacho ukurasa wake wa pili uko kijijini kwake.

GEREZA LILILOIFICHA NA KUIHIFADHI

Mwaka ule ule wa 1895, Serikali ya Waingereza ilipoishika nchi, ngome iligeuzwa kuwa gereza. Ikawa gereza mpaka mwaka 1958. Uwanja wake ukajazwa vyumba vya wafungwa na mabanda ya kazi, na mambo mengi ya zamani yakafunikwa chini ya sakafu mpya.

Jambo hilo lilikuwa baya, walakini lilikuwa na faida moja ambayo hatuna budi kuikubali. Jengo lenye watu ndani hutazamwa. Kuta za gereza haziachwi zianguke, wala mawe yake hayachukuliwi na kila mwenye kujenga choo. Ngome nyingine za pwani zilizoachwa tupu ziliota miti, mizizi ikapasua kuta, na watu wakabeba mawe. Ngome ya Mombasa ilisalimika kwa sababu ilikuwa na kazi, hata kama kazi yenyewe ilikuwa ya huzuni.

Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa, na ngome ikatangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, chini ya wadhamini wa hifadhi za taifa. Fedha za kuanzia, paundi 30,000, zilitolewa na shirika la Gulbenkian la Lisbon, lililoanzishwa kwa wasia wa tajiri mmoja wa mafuta. Kazi ilipewa Bwana James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, ambaye tangu 1948 alikuwa akichimbua magofu ya Gedi. Majengo ya gereza yaliyoziba uwanja yaliondolewa, udongo ukachimbuliwa kwa utaratibu, na misingi ya kanisa, ya nyumba ya kapiteni na ya kambi za askari ikaonekana tena. Mwaka 1960 milango ilifunguliwa kwa watu wote, na ngome ikawa makumbusho.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Waliotengeneza ngome walikuwa na swali gumu: wairudishe katika hali ya mwaka gani? Ya Wareno wa 1596? Ya Waomani? Ya Mazrui? Kama wangetaka ngome mpya ya Kireno, ingewapasa kubomoa kazi zote za Waarabu na Waswahili waliokaa humo karibu miaka mia mbili. Hawakufanya hivyo. Nyumba ya Waomani ilibaki juu ya ukuta wa Wareno. Jiwe la majivuno la mwaka 1635 lilibaki juu ya lango, ingawa maneno yake hayampendezi mtu wa pwani. Kila zama iliachiwa alama yake. Fundi mwema wa majengo ya kale hujenga kidogo na kutunza sana.

Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandika ngome hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo kazi haikwisha. Bahari iliendelea kuula mwamba ulio chini yake, ikawa lazima Serikali ya Kenya ijenge ukuta wa kuyazuia mawimbi. Utunzaji wa jengo la kale ni kama palizi, ukipumzika msimu mmoja magugu yamerudi.

MZEE WA CHOKAA

Siku moja nilikuwa na mzee mmoja wa upande wa Gazi, ambaye ujanani alikuwa mwashi. Twaliketi karibu na ukuta wa zamani ambao vijana walikuwa wameupaka saruji kwa nia njema. Lipu ilikwisha kubanduka, na nyuma yake mawe yalikuwa yakimwagika kama unga.

Nikamwuliza, "Babu, mbona saruji ni kitu kigumu, na ukuta umezidi kuharibika?"

Akacheka. "Mwanangu, ukimvika mtu koti la mpira juani, jasho lake litatokea wapi?"

Nikasema, "Halitatoka."

"Basi na ukuta ni vivyo hivyo. Tumbawe hunywa maji. Hunywa ya mvua, hunywa ya ardhini, na upepo wa bahari hulilisha chumvi. Ukilipaka chokaa, maji hutoka polepole, ukuta ukapumua. Ukilifunika kwa saruji, maji hukwama ndani, na chumvi hukaa ikalitafuna jiwe. Siku saruji ikianguka, huanguka na uso wa jiwe."

Nikamwomba anieleze chokaa ya zamani ilivyofanywa. Akasema kwamba vipande vya matumbawe huachwa juani na mvuani muda mrefu. Kisha magogo hupangwa kwa duara, matumbawe yakawekwa juu, na moto ukatiwa katikati, ukawaka usiku kucha. Mawe yakipoa hunyunyiziwa maji, yakavunjika yenyewe yakawa unga. Unga huo huchungwa, ukalazwa na maji kwa muda mrefu, na kadiri ulalavyo ndivyo ubora wake uzidivyo. "Sisi," akasema, "tulikuwa hatuna haraka. Chokaa ya kesho haifai kujengea leo."

Maneno ya mzee huyu yapatana kabisa na yale wasemayo wataalamu wa siku hizi, kwamba katika majengo ya matumbawe saruji ni adui, na chokaa ndiyo dawa. Tofauti ni kwamba mtaalamu alijifunza chuoni, na mzee alijifunza kwa mwiko na timazi. Nami naogopa siku ambayo wazee kama huyu watakuwa wamekwisha, tukabaki na kuta tusizojua kuzitibu.

YETU SISI

Nasikia msomaji mmoja akisema: "Maneno mazuri, lakini sisi wakulima. Barabara zatusumbua, zahanati zina haja ya dawa, na bei ya korosho haitabiriki. Tutapata wapi fedha za kutunza kuta za wafu?"

Swali hilo ni la haki, na sitalijibu kwa hasira. Nitasema hivi. Ngome ilihitaji paundi 30,000 kwa sababu iliachwa mpaka ikawa kazi kubwa. Jengo litunzwalo mapema halihitaji fedha nyingi, bali lahitaji macho na mikono. Na mfano tunao hapa hapa Kwale, wala hatukuupata Mombasa.

Utazameni msikiti wa kale wa Kongo, penye mdomo wa mto Mwachema huko Diani, katikati ya mibuyu. Magofu mengi ya pwani yamebaki kuta tupu, lakini msikiti huo una watu wa kusali. Kwa nini umesimama? Kwa sababu kuna mtu wa kufagia, kuna mtu wa kutazama paa, na kuna jamaa wanaoona haya ukichakaa. Jengo lililo na sala ndani yake lina ulinzi kuliko lililo na ubao wa onyo nje.

Tena itazameni Kaya Kinondo. Msitu huo mtakatifu wa Wadigo uliandikwa na UNESCO mwaka 2008 pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda, yaani miaka mitatu kabla ya ngome ya Mombasa kupata heshima hiyo. Hakuna tajiri wa mafuta aliyeuokoa. Uliokolewa na wazee na miiko yao, wakati ardhi ya pwani ya Diani ikiuzwa kipande baada ya kipande na mahoteli yakisimama pande zote.

Jambo moja ni gumu, nami sitalificha. Dari za nyumba za kale hubebwa na boriti za mikoko. Lakini mikoko ya Gazi yalindwa sasa. Tangu 2013 watu wa Gazi na Makongeni wana mradi uitwao Mikoko Pamoja, ambao hulinda msitu huo na kupata fedha kwa sababu ya hewa ya ukaa ambayo miti hiyo huivuta na kuiweka. Fedha hizo zimesaidia maji na shule. Basi atakayetengeneza nyumba ya mawe ataka boriti, na atunzaye msitu ataka mti usimame. Naona kwamba pande zote mbili zina haki, na kwamba yapasa waketi mkeka mmoja: boriti chache za lazima zitoke mahali paruhusiwapo na kwa kibali, na zile za zamani zilizo nzima zisitupwe ovyo, bali zirudishwe darini. Kuokoa urithi mmoja kwa kuharibu mwingine si kuokoa.

MAMBO MATANO YA KUFANYA

Ili maneno yangu yasiishie katika karatasi, nataja mambo matano ambayo kila kijiji chenye jengo au kaburi la kale chaweza kuyafanya.

Kwanza, mche wa mtini au wa mbuyu ukionekana umeota ukutani, ukatwe ungali mdogo. Mzizi wa mwaka mmoja hukatwa kwa kisu, bali wa miaka kumi ukiung'oa waondoka na ukuta.

Pili, maji yaelekezwe mbali na msingi, na paa au kichwa cha ukuta kizibwe nyufa kabla ya masika. Ukuta huanza kufa kutoka juu.

Tatu, mtu asipake saruji. Kama hapana chokaa, ni heri kungoja kuliko kuharibu.

Nne, mawe ya gofu yasichukuliwe kwa kujengea wala kwa kuchoma chokaa. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inalinda mahali pa kale palipotangazwa, lakini sheria haina macho kijijini. Macho ni yetu.

Tano, walimu wachukue watoto waende kwa wazee, waandike majina ya mahali, nani alijenga, nani alizikwa, na chokaa ilichomwa vipi. Daftari la senti chache laweza kuokoa kile ambacho fedha nyingi hazitakirudisha.

Nalisema mwanzoni kwamba mawe, chokaa na mikono iliyojenga ngome haikutoka Ureno. Ilitoka pwani hii na nchi za bahari hii. Wenye kuamuru walipita, mmoja baada ya mwingine: Wareno, Waomani, Mazrui, Unguja, Waingereza. Kilichobaki ni kazi ya mwashi. Na ikiwa mikono ya watu wa pwani iliweza kujenga ukuta uliosimama zaidi ya miaka mia nne, hatuwezi kusema kwamba mikono yetu haiwezi kuzuia nyumba moja ya Gazi isianguke.

Juma lijalo, mtu atakayevuka Likoni, akimaliza shughuli zake, na aingie ngomeni. Asome jiwe la lango, aguse ukuta, aone chokaa ilivyoshika. Kisha akirudi nyumbani apite penye gofu la kijiji chake, atazame kama pana mche ulioota ukutani. Na akiuona, asingoje kamati.